Wafu Asi Elfu Tatu

Nchi yenyewe siitaji. Kuitaja kunahitaji kibali, na kibali changu kimeisha muda. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani, kwamba ina Chuo Kikuu, na kwamba ndani ya Chuo Kikuu hicho imo Shule ya Uandishi wa Habari, ambayo kila mgeni wa taifa hupelekwa kuiona baada ya kiwanda cha bia na kabla ya bustani ya wanyama.

Shule yetu ilikuwa na machapisho matatu. La kwanza liliitwa Tafakuri, jarida la wasomi lililotoka mara moja kwa mwaka, ambamo maprofesa walifafanua hotuba za Mtukufu Kiongozi, na waliofafanua vizuri wakawa mabalozi. La pili liliitwa Pongezi, na hilo nililisimamia mwenyewe, maana ndilo somo langu. Mwaka wa pili nilifundisha kumpongeza mtu aliyefanya jambo. Mwaka wa tatu nilifundisha kumpongeza mtu ambaye hajafanya, na hapo ndipo wanafunzi wengi walipofeli. La tatu lilikuwa Sauti ya Darasa, gazeti la kila wiki lililoandikwa na wanafunzi wenyewe na kusambazwa nchi nzima. Hilo ndilo lililotuletea balaa.

Balaa lenyewe halikupaswa kutokea, kwa sababu hakuna ukurasa uliokwenda mtamboni bila kupita mbele ya Kamati ya Uthibitisho. Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Dakta Fumbwe, shemeji yake Mtukufu, ambaye udaktari wake tulimpa sisi wenyewe siku ya mvua. Mjumbe wa usalama alikuwa Meja Kirobo, mstaafu wa jeshi, aliyesoma magazeti kwa kuyageuza kwanza nyuma kuona kama kuna kitu kimefichwa. Mjumbe wa lugha alikuwa Profesa Lughano, bingwa wa sarufi, mpole, ambaye hajawahi kukataa jambo lolote lililokubaliwa na sarufi. Mimi nilikuwa katibu. Kazi yangu ilikuwa kuandika walichosema, kuagiza chai, na mwisho wa kikao kugonga muhuri wenye maneno mawili: HALINA KOSA. Niligonga muhuri ule miaka mingi mpaka mkono ukawa unakwenda wenyewe. Mke wangu anasema hata usingizini nagonga mto.

Sheria ya Machapisho ilikuwa fupi. Chapisho lenye muhuri halina kosa, na anayeona kosa ndani yake, kosa ni la macho yake. Watu wawili watatu walipelekwa hospitali ya macho kwa mujibu wa kifungu hicho na bado hawajarudi. Nadhani matibabu ni marefu.

Zamani Sauti ya Darasa lilikuwa na kona ndogo ukurasa wa pili iliyoitwa Tulikosea. Humo wanafunzi waliandika kwamba jina la fulani walilikosea, kwamba ng'ombe waliokufa walikuwa wanne na si watano, na kwamba wanaomba radhi. Mwalimu aliyeianzisha kona ile alikuwa akisema kwamba ukitaka kulijua gazeti, anzia pale, ukurasa wa mbele utausoma baadaye. Alistaafishwa asubuhi moja kabla hajamaliza kipindi. Kamati iliuliza swali la msingi kabisa, kwamba gazeti lisilo na kosa linaomba radhi ya nini, na kona ikafutwa. Mahali pake pakawekwa picha ndogo ya Mtukufu akicheka.

*

Wiki ya mkasa, Mtukufu alikuja Chuoni kufungua bomba la maji. Bomba hilo alikwisha kulifungua mara kadhaa, lakini kila akiondoka lilifungwa ili siku nyingine apate cha kufungua. Wafuasi waliletwa kwa malori kutoka vijijini. Kila mmoja alipewa fulana yenye sura ya Mtukufu na sahani ya pilau, na ili asile mara mbili, alichovywa kidole cha mwisho katika wino wa zambarau. Wino huo aliuleta kwa zabuni mtoto wa Dakta Fumbwe, na ni kitu pekee kilichopatikana kwa zabuni katika nchi yetu kikadumu.

Mhariri wa gazeti alikuwa msichana wa mwaka wa tatu, Sikitu Mandia, mkimya, mwenye tabia mbaya ya kuuliza "nani kasema?" kila alipoelezwa jambo. Katika somo langu alikuwa wa mwisho. Ndani ya lori mojawapo alikuwemo baba yake, Mzee Mandia, mkulima wa karanga. Alipanda kwa sababu lori lilikuwa la bure, kwa sababu alikuwa na hamu ya kumwona binti yake, na kwa sababu alikuwa na ngiri iliyokuwa ikimtesa na hospitali kuu ilikwisha kumpangia siku ya kupasuliwa, Alhamisi iliyofuata. Alifika na mfuko wa karanga begani, akala pilau, akachovywa kidole, akapiga makofi kila alipoambiwa apige.

Kichwa cha habari alichoandika Sikitu hakikuwa na ubaya wowote. Kilisomeka: MTUKUFU AHUTUBIA WAFUASI ELFU TATU. Kamati ilipokaa, Dakta Fumbwe aliona picha ya Mtukufu ni nyembamba mno, haimtoshi. Akaamuru ipanuliwe. Picha ilipopanuka kichwa cha habari kikasukumwa pembeni, kikakosa nafasi, na Sikitu akalazimika kulikata neno: WAFU juu, kistari, kisha ASI mstari wa chini.

Meja Kirobo aliushika ukurasa, akaugeuza nyuma, akaurudisha mbele.

"Hiki kijiti ni cha nini?"

"Ni kistari, Afande," nikasema. "Kinaonyesha neno linaendelea."

"Kimeelekea wapi?"

Tukatazama wote. Kistari kilikuwa kimeelekea kwenye picha, usawa wa shingo.

"Kiondoeni," akasema Meja.

Sikitu alikuwa amesimama mlangoni na mikono nyuma, kama wanafunzi wetu walivyofundishwa kusimama. "Tukikiondoa neno linavunjika, Afande."

"Binti, mimi nimevunja vitu vikubwa kuliko neno."

Kistari kikaondolewa. Chai ilikuwa inapoa. Nikagonga muhuri, na Jumatatu nchi nzima ikasoma:

MTUKUFU AHUTUBIA WAFU
ASI ELFU TATU

*

Sitaki kusema watu walicheka, kwa sababu kucheka ni jambo la hiari na siku ile halikuwa la hiari. Mpishi wa kantini alicheka mpaka akaunguza maharage, akakamatwa kwa kuharibu mali ya umma. Balozi mmoja alipiga simu wizarani kuuliza kama atume rambirambi.

Kamati ikaitwa kwa dharura. Nilidhani tutasema mtambo ulikuwa na hitilafu, kama tulivyosema mwaka ule Mtukufu alipoandikwa Mtukutu. Lakini Dakta Fumbwe aliingia akiwa ameshauriwa na watu wakubwa.

"Swali ni moja tu," akasema. "Gazeti lina muhuri au halina?"

"Linao, Mwenyekiti."

"Basi halina kosa. Mtukufu alihutubia wafu, na hao wafu ni asi. Profesa, sarufi inasemaje?"

Profesa Lughano alivua miwani akaifuta. "Kisarufi ni sentensi timilifu. Wafu ni nomino. Asi ni kivumishi, maana yake wasiotii. Sioni tatizo."

"Lakini walikula pilau," nikasema.

"Katibu, wewe andika."

"Wafu wanaokula pilau ya serikali," akasema Meja Kirobo, "hao ndio asi wenyewe."

Nikaandika. Waraka ukatoka jioni hiyohiyo: kila mwenye kidole cha zambarau ni marehemu, tena marehemu mtovu wa utii, mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Utekelezaji wake ulikuwa wa haraka, maana serikali yetu ikitaka jambo baya lifanyike huwa haina urasimu. Chama cha ushirika kikakataa karanga za marehemu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikwenda kazini, mkuu wake akawasimamisha watoto kimya kumkumbuka, naye yuko ubaoni anaandika tarehe. Fulana nazo zikawa mtego. Ukiivaa, umejitangaza maiti. Ukiichoma, umeichoma sura ya Mtukufu. Walioigeuza ndani nje walishtakiwa kwa kumficha Kiongozi wa nchi.

Hao watu elfu tatu hawakufanya lolote zaidi ya kupanda lori walilotumiwa. Nalisema hilo kwa hasira, ijapokuwa somo langu halina nafasi ya hasira.

*

Alhamisi Mzee Mandia akaenda kupasuliwa. Sikitu alimshika mkono mpaka dirisha la mapokezi. Muuguzi alimtazama kidole, akaweka kalamu chini kwa heshima.

"Mzee, pole sana na msiba."

"Msiba wa nani, mwanangu?"

"Wako."

Akaeleza kwamba hospitali haina idhini ya kumtibu marehemu. Daktari alitoka, akasikitika sana, akasema angeweza kumpasua kama maiti, kwa uchunguzi wa chanzo cha kifo, lakini kwa utaratibu huo huwa hawatumii dawa ya usingizi. Mzee Mandia alimshukuru akasema ataona.

Sikitu hakuwa na pa kumpeleka. Nyumba za wageni zilikuwa zikikagua vidole. Akamleta kwenye stoo ya chumba cha habari, akapanga robota za Pongezi ambazo hazikupata msomaji, akatandika kanga juu yake, akamlaza. Kwa miaka yote niliyolisimamia lile jarida, hiyo ndiyo mara ya kwanza nililiona likimfaa mtu.

Alinifuata ofisini. "Shikamoo, Mwalimu. Baba yangu yupo stoo. Naomba uje umwone kwa macho yako."

Nikaenda. Mzee alikuwa amelala ubavu, amekunja magoti, mkono umebana tumbo. Aliponiona akajitahidi kuketi.

"Usiinuke, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu karanga." Akausogeza mfuko kwa kidole cha zambarau. "Wewe ni msomi, nieleze. Kufa nimekubali, wakubwa wakisema umekufa unabishaje? Lakini huko kuasi, mie nimeasi saa ngapi? Nilikuwa kwenye foleni ya pilau tangu asubuhi."

Nikala karanga.

"Mwalimu," akasema Sikitu, "naomba ile kona. Ile ya Tulikosea. Mistari miwili tu: wafu asi isomeke wafuasi. Hospitali itafuata gazeti."

"Kona ilifutwa kwa sababu gazeti letu halikosei."

"Nani kasema?"

Nikapeleka ombi lake mbele ya Kamati hata hivyo. Dakta Fumbwe alilisoma neno Tulikosea mara ya kwanza kwa sauti, mara ya pili kwa kunong'ona, akaniuliza kama nimechoka kazi. Meja Kirobo alitaka kujua kama kile kistari kinarudi. Nikarudi stoo mikono mitupu.

Hapo ndipo nilipopata wazo, na nakiri nilijivunia sana. Kama Kamati haiwezi kukiri kosa, inaweza kupokea sifa. Nikamwambia Sikitu aandike habari mpya yenye kichwa kimoja tu: MTUKUFU AFUFUA WAFU ELFU TATU. Wote watarudi kuwa hai kwa mujibu wa sheria, hakuna aliyekosea, na Mtukufu atapata jambo ambalo viongozi wa nchi jirani hawana.

Sikitu alikataa. "Huo ni uongo, Mwalimu."

"Ni pongezi."

"Andika, mwanangu," baba yake akasema kutoka kwenye robota. "Mie kufufuka sioni aibu. Halafu na lile neno la kuasi uliondoe."

Akaandika. Alimvika Mtukufu kilemba cha ukoka kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuviona, aya baada ya aya, bila kuinua kichwa. Ilikuwa kazi bora kabisa katika historia ya somo langu na nikampa alama zote. Alikuwa akilia wakati akiandika. Nilidhani ni kwa ajili ya alama.

*

Kamati ilipoisoma, Dakta Fumbwe alisimama. Meja Kirobo naye akasimama, kwa kuwa Dakta amesimama. Profesa Lughano alisema kitenzi fufua kimetumika kwa ufasaha. Nikagonga muhuri, nikainuka kuipeleka mtamboni.

"Wapi unakwenda?" akauliza Dakta Fumbwe.

"Kuchapa, Mwenyekiti."

"Gazeti litoke kabla ya tendo? Sisi ni watu wa maadili. Lazima Mtukufu awafufue kwanza."

Mtukufu alikuwa nje ya nchi akitibiwa jino. Katika nchi yetu hospitali ni nzuri sana, lakini jino la Mtukufu lilikuwa limezoea za huko. Ikaamuliwa tumsubiri.

Sikitu alikuwa mlangoni, mikono nyuma. Kwa mara ya kwanza aliitoa mbele. "Baba yangu hawezi kusubiri, Mheshimiwa. Ngiri imejikaza. Tangu jana hanywi hata maji."

Dakta Fumbwe alimtazama kwa huruma ya kweli, nasema kweli kwa sababu nilimwona. "Binti," akasema, "marehemu ana haraka gani?"

Nikaandika hilo pia, maana nilikuwa katibu.

Mzee Mandia alikaa kwenye robota zangu akiwa na homa na tumbo gumu kama ubao. Tulijaribu zahanati za mitaani. Kila mahali walianza na kidole. Tulijaribu kukisugua kwa limau, kwa mafuta ya taa, kwa jiwe, ngozi ikatoka na wino ukabaki. Sikitu alimwekea kitambaa chenye maji mdomoni. Mimi nilikuwa nikija na kutoka, nikijifanya natafuta nakala za zamani.

Siku ya mwisho aliniita jina la kazi yangu kwa sauti ndogo. "Mwalimu. Kufa kungenikuta tu, leo au kesho. Lile neno jingine ndilo linaniuma. Huko kwetu wanasoma. Wataniita asi, na mjukuu wangu watamwita mjukuu wa asi. Mwambie huyu alifute."

Sikitu alikuwa ameshika mkono wake na aliyasikia yote. Mzee akafa mchana, wakati wanafunzi wa mwaka wa pili wakiwa chumba cha pili wanajifunza kumpongeza waziri wa afya. Niliumia sana. Sina namna nyingine ya kulisema.

*

Mtukufu alirudi kesho yake na jino jipya. Juu ya ngazi ya ndege aliinua mkono, kama alivyoelekezwa, na spika za uwanja zikatangaza kwamba wafu elfu tatu wamefufuka. Gazeti letu lilikuwa tayari. Lilisema wamefufuka wote, hakubaki hata mmoja, na lilikuwa na muhuri.

Sikitu akaenda hospitali kuomba kibali cha kuzika. Nilimsindikiza, kwa sababu alikuwa hajala na niliogopa ataanguka njiani. Muuguzi alikuwa yuleyule, amefurahi.

"Hongera, dada. Nimesoma. Baba yuko hai."

"Baba amekufa jana."

"Alikuwa amekufa. Sasa wamefufuka wote." Akatuonyesha gazeti. "Hakubaki hata mmoja, angalia. Kumzika mtu aliye hai ni kosa la jinai, mimi siwezi kuandika."

"Twende ukamwone."

Muuguzi alipunguza sauti. Sidhani alikuwa mtu mbaya. "Dada yangu, nikimwona itakuwaje? Nitapelekwa ile hospitali nyingine, ya macho."

Mochwari nayo ilikataa kumpokea mtu hai, na askari wa makaburini aliinua bunduki tulipofika bila kibali. Hospitali iliyomkataa akiwa hai kwa kuwa amekufa, sasa ilimkataa akiwa amekufa kwa kuwa yu hai, na kila mara ilikuwa na ushahidi wa maandishi kutoka Shuleni kwetu. Ule wa pili nilikuwa nimeubuni mimi na kuupa alama zote.

Tukamrudisha chumba cha habari. Ndicho chumba pekee cha Shule chenye kiyoyozi, kilichowekwa kwa ajili ya kompyuta. Tukamlaza juu ya meza ya kupangia kurasa, tukamfunika shuka. Wanafunzi waliokuja kufanya kazi zao walisimama ukutani, wakaenda kantini kuleta barafu.

Nyuma ya stoo kulikuwa na mashine ya zamani ya kudurufu, ya mkono, iliyoachwa na yule mwalimu aliyestaafishwa. Sikitu aliifuta vumbi, akatia wino, akaanza kuzungusha. Zikatoka karatasi za ukurasa mmoja, bila picha ya Mtukufu, na maandishi yake yalikuwa haya:

"TULIKOSEA. Tuliandika kwamba Mtukufu alihutubia wafu asi. Isomeke wafuasi. Hawakuwa wafu na hawakuwa asi. Miongoni mwao alikuwemo Mandia, mkulima wa karanga. Tulipoandika kwamba amekufa, alikuwa hai na alihitaji daktari. Tulipoandika kwamba amefufuka, alikuwa amekufa kwa kukosa daktari huyo. Hakumwasi mtu yeyote. Tunamwomba radhi yeye na watu wake."

Chini aliandika jina lake. Akazigawa mwenyewe kwenye korido zote, na saa ya chai askari wakamkamata.

*

Kwa kawaida mtu wa namna hiyo hafiki mbali. Lakini wageni wa nje walikuwa nchini kutazama uhuru wa habari, kwa hiyo ilionekana bora ashtakiwe kwa utaratibu. Dakta Fumbwe aliniita.

"Chukua kalamu nyekundu," akasema. "Lisome hilo karatasi lake, uweke alama kila penye kosa. Mwendesha mashtaka anataka makosa. Nikitoka kula nilikute mezani."

Wakamleta Sikitu ofisini kwangu akiwa na askari mmoja, ili nikihitaji kumhoji nimhoji. Alikaa kwenye kiti cha wageni. Hakuniamkia, na sikumlaumu.

Nikaisoma ile karatasi. Nilianza na tahajia, ilikuwa sawa. Nikatazama koma, zilikaa mahali pake. Nikatafuta jambo lililotiwa chumvi, sikuliona. Nikatafuta sifa, hakukuwa na sifa hata moja, na hapo nikajua ni kwa nini alikuwa wa mwisho katika somo langu. Nikarudi juu nikasoma tena, kalamu nyekundu mkononi, nikifuata kila neno, na nilipofika "tunamwomba radhi" macho yangu yalikuwa hayaoni vizuri, lakini si kwa ugonjwa unaotajwa katika Sheria.

Kalamu nikaiweka chini. Kilichofuata nakieleza kama nilivyokieleza baadaye mbele ya watu wazito: mkono umezoea. Nilisoma chapisho la Shule mpaka mwisho, sikuona kosa, na mkono ukaenda wenyewe kwenye muhuri.

HALINA KOSA.

Nikampa Sikitu karatasi. "Mpelekee yule muuguzi," nikasema. "Pita njia ya kantini, ni fupi."

Askari alitazama muhuri, akapiga saluti, akamfungulia mlango. Wanafunzi walikuwa wanasubiri koridoni, wamekwisha kukibeba kitanda cha maiti chenye mwili wa Mzee. Yule muuguzi alipouona muhuri alishusha pumzi, akaandika kibali papo hapo. Mzee Mandia alioshwa, akasaliwa, akazikwa mchana uleule, Dakta Fumbwe akiwa bado kwenye nyama choma. Waosha maiti walisugua kile kidole wakashindwa. Alizikwa nacho hivyohivyo.

Kamati ilikaa alasiri, na safari hii mimi sikuwa nimeshika kalamu; alipewa Profesa. Dakta Fumbwe alikuwa na mafuta ya nyama kwenye tai. Tatizo lake lilikuwa kubwa, na nilimwonea huruma kidogo. Karatasi ilikuwa na muhuri, kwa hiyo haikuwa na kosa. Lakini ilisema kulikuwa na kosa. Akisema inadanganya, muhuri umedanganya, na muhuri ukidanganya mara moja, nani ataamini bomba?

"Afande?" akauliza.

Meja Kirobo aliigeuza karatasi nyuma. "Safi," akasema kwa huzuni.

"Profesa?"

Profesa Lughano aliifuta miwani yake kwa muda mrefu. "Mwenyekiti, kisarufi kuna njia. Karatasi inasema kosa lipo, basi tukubali kwamba lipo. Linabaki suala la mtendaji. Tu- ni nafsi ya kwanza, wingi. Tulikosea si jina la Shule wala la Kamati. Ni hao waliosema. Wakamatwe hao waliosema."

Uso wa Dakta Fumbwe ulinawiri. "Binti huyu."

"Huyu ni mmoja," akasema Profesa, na nadhani alisikitika. "Mtu mmoja angesema nilikosea. Ili kosa hili litimie wanahitajika watu wawili, kwa uchache."

Meja Kirobo akaanza kutazama waliomo, mmoja baada ya mwingine, na Profesa akayaelekeza macho yake kwenye sakafu. Sikitu alikuwa amesimama mlangoni na udongo wa makaburini kwenye upindo wa kanga. Mikono yake ilikuwa mbele.

"Niliandika peke yangu," akasema. "Nikachapa peke yangu. Nani kasema kuna mwingine?"

Nikainuka kwenye kiti cha katibu.

"Mimi nimesema," nikajibu, na Profesa akaandika kwamba wingi umetimia.